Jumapili za Holloway: Niliyoyasikia kwa Bobby Casey

Kila ninapowaambia vijana kwamba niliishi London miaka ya 1960, swali lao la kwanza ni la Beatles. Sina la kuwajibu. Muziki ulioniteka mimi katika mji ule haukuwa wa redioni wala wa kumbi kubwa za katikati ya mji. Ulipigwa Jumapili mchana ndani ya baa moja ya Holloway, upande wa kaskazini, na watu ambao wengi wao Jumatatu alfajiri walikwenda kushika sururu na toroli. Walipiga fidla. Na katika wapiga fidla wote niliopata kukaa nao chumba kimoja, wa kwetu Unguja na wa nchi za watu, sijampata wa kumtanguliza mbele ya Bobby Casey, mtu wa Clare, magharibi ya Ayalandi.

Nasema hayo nikiujua uzito wake. Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Mji Mkongwe, mtaa wa Ikhwani Safaa, chama cha taarab kilichoasisiwa mwaka 1905. Fidla ikijibizana na kanuni na nai nimeisikia kabla sijajua kusoma. Nilijua bashrafu ipi hufungulia shughuli, nilijua mpigaji yupi mkono wake mzito na yupi mwepesi, na kama watoto wote wa mtaa ule, nilikuwa hodari wa kukosoa. Basi nilipoambiwa kwamba kuna Wazungu wanaopiga fidla bila kutazama karatasi, wote lahani moja, kila mmoja akiipamba kwa namna yake, nilitaka kwenda kusikia mwenyewe.

Aliyeniambia alikuwa mzee mmoja wa Clare, mwenzangu katika kazi ya kusukuma vitanda vya wagonjwa kwenye hospitali niliyoajiriwa nilipofika mwaka 1962. Zamu ya usiku ilikuwa ndefu, na mimi nilikuwa na tabia ya kuvumisha bashrafu kwa pua nikipita kwenye ushoroba. Akaniuliza ni muziki gani. Nikamwambia ni wa fidla, wa kwetu. Akanitazama kama asiyeamini, kisha akaniambia Jumapili nivae koti nimfuate.

Lazima niseme hapa kwamba sisi Waafrika na wale Waayalandi tulikuwa tumesogezwa karibu na shida. Vyumba vya kupanga vilikuwa taabu. Zilikuwapo nyumba zilizobandika karatasi dirishani kwamba weusi hawatakiwi, na Waayalandi vilevile, na hakuna sheria iliyomzuia mwenye nyumba kufanya hivyo mpaka mwaka 1968. Kwa hiyo tulijazana mitaa ile ile: Camden Town, Kilburn, Holloway. Nikipanda ngazi za nyumba niliyopanga nilisikia Kiayalandi chumba cha kwanza, Kiingereza cha Jamaica chumba cha pili, halafu nikafungua mlango wangu.

Baa yenyewe ikiitwa Favourite. Mimi pombe siitumii, na sikupata kuitumia pale. Nilikunywa maji ya machungwa Jumapili zote zile, na hakuna aliyenishurutisha wala kunitazama vibaya. Sheria ya Uingereza wakati ule iliruhusu baa kufunguliwa Jumapili kuanzia saa sita hadi saa nane mchana tu, kisha milango ikafungwa mpaka jioni. Saa mbili hizo ndizo zilizokuwa za muziki. Watu walitoka kanisani moja kwa moja, wamevaa suti zao za Jumapili, na hapakuwa na muda wa kupoteza.

Jimmy Power wa Waterford ndiye aliyekuwa mwenyeji wa muziki, naye Reg Hall, Mwingereza ambaye baadaye aliandika sana juu ya historia ya muziki wa Waayalandi wa London, alikaa kwenye piano. Waliokuja kupiga walikuwa wengi, na kila mmoja alibeba mkoa wake kwenye upinde. Martin Byrnes alikuwa wa Galway. Lucy Farr alikuwa wa Galway pia, mama aliyekuja London kabla ya vita kusomea uuguzi, na fidla yake ilikuwa tulivu, haina haraka. Julia Clifford alitoka milima ya Sliabh Luachra, mpakani mwa Kerry na Cork, mwanafunzi wa mwalimu wa fidla Padraig O'Keeffe, na alipopiga polka za kwao ungeona miguu chini ya meza zote inashindwa kutulia. Mama huyo aliwahi kupiga hata fidla ya Stroh, ile isiyo na tumbo la mbao bali honi ya bati kama ya santuri, iliyobuniwa ili sauti ipenye kelele.

Kwa msomaji ambaye hajausikia muziki huu, nieleze unavyokwenda, kwa sababu bila hilo hataelewa kwa nini nimeshika jina la mtu mmoja. Lahani ya kuchezea ngoma ni fupi. Aghalabu ina sehemu mbili, kila sehemu hupigwa mara mbili, mzunguko mzima ukapita katika muda usiofika dakika moja. Kisha unarudi mwanzo. Unarudi tena. Baada ya mizunguko miwili mitatu mtu anavuka kuingia lahani nyingine bila kusimama, na wenzake wanamfuata. Ziko rili, ndizo za kasi, ziko jigi zinazokwenda kwa tatu tatu, ziko honpaipu zenye mwendo wa kuchechemea. Hakuna kiongozi anayenyoosha fimbo, hakuna wa sauti ya juu na wa sauti ya chini. Wote wamo katika mstari mmoja. Mtu wa taarab hapo hapotei hata kidogo. Anachokikosa ni mwimbaji, na anaweza kukaa mchana mzima akimngoja asije.

Sasa, lahani ikiwa fupi namna hiyo na inarudiwa, mpigaji wa kawaida hukuchosha. Hata mpigaji mzuri hukuchosha kidogo. Mzunguko wa pili ni ule ule wa kwanza, labda kwa nguvu zaidi. Siku Bobby Casey alipokuja Holloway na kupewa nafasi apige peke yake, nilitambua kwamba sikuwa nimeelewa muziki ule. Alipiga rili. Mzunguko wa kwanza aliuweka wazi, lahani ikajulikana. Katika wa pili kuna mahali alipotarajiwa kusimama juu ya noti ndefu. Hakusimama, aliizungusha kwa vidole, noti ikageuka noti tano ndogo zilizofumwa mahali pa moja. Katika wa tatu pale pale hakuzungusha kitu, aliiacha noti tupu, akaiburuza kutoka chini mpaka ikafika. Upinde nao haukukatika mahali ambapo mguu wa mchezaji unakanyaga. Aliuvusha juu ya pigo, akaugeuza baadaye, msikilizaji akabaki anangoja sauti ishuke nayo haishuki. Alikuwa kama mtu anayekwenda kwao usiku kwa njia anayoijua, hatua hazimkosi, lakini mguu hautui pale pale ulipotua jana.

Na hakupiga kwa kasi. Hili nalisisitiza kwa sababu siku hizi kila mtu anakimbia. Alikuwa na kasi akiitaka, ila aliipa lahani nafasi ya kupumua, na chumba kile chenye moshi na glasi kiligeuka kimya kadiri baa inavyoweza kuwa kimya. Mzee wangu wa hospitali alikaa ameinamisha kichwa. Baadaye aliniambia kwamba baba yake Bobby alipiga vivyo hivyo.

Kitu kingine kilichonishika ni sauti zenyewe. Masikio yaliyolelewa na taarab yanajua kwamba kati ya noti mbili za piano kuna noti nyingine, ina makao yake na hadhi yake. Wapigaji wetu waliofuata njia ya Misri wanaitafuta hiyo kwa kidole na kuipata. Nilidhani Wazungu hawana. Kumbe watu wa magharibi ya Ayalandi wanayo: iko noti moja katika ngazi yao ambayo si ya juu wala ya chini, inakaa katikati, na zumari yao ya mvukuto, ile inayobanwa kwa kiwiko, inaitoa waziwazi. Casey aliifikia kwenye fidla. Piano ilipokuwa ikilia chini yake, noti ile ilikwaruzana nayo kidogo, na mkwaruzo huo ulikuwa mtamu kwangu kuliko kitu chochote nilichosikia tangu niondoke nyumbani.

Alizaliwa mwaka 1926 mahali panapoitwa Annagh, karibu na Miltown Malbay, kwenye ufuko wa Atlantiki. Baba yake, John Casey, ambaye watu walimjua zaidi kwa jina la Scully, alikuwa mpiga fidla wa kutajwa, na Junior Crehan, aliyekuja kuwa kama mzee wa muziki wa eneo lile, alijifunza kwake. Huko ngoma zilikuwa za majumbani. Samani zilitolewa nje, jozi nne za wachezaji zikajipanga jikoni kwa ajili ya seti, mpiga fidla akakaa pembeni. Halafu mwaka 1935 serikali ya Ayalandi ilipitisha sheria ya kumbi za dansi, iliyotaka dansi ya hadhara iwe na leseni ya mahakama. Mapadri na polisi waliitumia hata dhidi ya ngoma za majumbani, na Junior Crehan aliendelea kuuhuzunikia uharibifu ule mpaka uzeeni. Mpiga fidla wa kijijini alinyang'anywa mahali pa kupigia. Bobby alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Baada ya hapo ikaja njaa ya kazi. Kati ya mwaka 1951 na 1961, Ayalandi iliyokuwa na watu milioni tatu hivi ilipoteza takriban watu laki nne kwa uhamaji, na wengi wao walivuka kuja Uingereza. Bobby alitoka Clare pamoja na rafiki yake Willie Clancy, mpiga zumari ambaye kazi yake ilikuwa useremala. Walikaa Dublin kwanza, kisha London mwanzoni mwa miaka ya 1950. Clancy alirudi kwao mwaka 1957, baada ya baba yake kufariki. Casey alibaki. Alifanya kazi ya ujenzi, akalea familia, akapiga fidla jioni na Jumapili.

Ninapolisema neno kazi juu ya mtu huyu najua msomaji atatafuta orodha ya maonyesho na sahani za santuri. Orodha ni fupi. Mwaka 1968 kampuni ya Topic ilitoa santuri iliyorekodiwa pale pale Favourite, iitwayo Paddy in the Smoke, naye yumo pamoja na akina Julia Clifford, Lucy Farr na Martin Byrnes. Santuri yake mwenyewe, Taking Flight, ilitoka mwaka 1979, akiwa na umri wa zaidi ya miaka hamsini. Rekodi iliyo bora kuliko zote kwa maoni yangu ilifanywa mwaka 1959, alipokuwa Clare likizo: Junior Crehan alimrekodi ndani ya banda lake la ng'ombe. Utepe ule haukutolewa kwa umma mpaka mwaka 1992. Miaka thelathini na zaidi! Kwa muda wote huo, mbali na santuri hizo chache, anayetaka kumjua Bobby Casey alipaswa kuwa na bahati ya kukaa chumba alichomo, au kuwa na rafiki mwenye nakala ya utepe iliyotoka kwenye nakala nyingine.

Pengine ndivyo upigaji wake ulivyookoka. Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Mpiga fidla maarufu kuliko wote wa Ayalandi, Michael Coleman wa Sligo, alivuka Atlantiki mwaka 1914, na santuri alizorekodi New York kuanzia mwaka 1921 zilirudi nyumbani kwa meli na vifurushi. Kwetu tunaijua hali hiyo: Siti binti Saad naye ilibidi avuke bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ndipo sauti yake iingie kwenye santuri na kurudi Unguja. Lakini santuri za Coleman zilikuwa na nguvu ya ajabu. Kila kijiji kilizisikiliza, na vijana wa mikoa mingine wakaacha upigaji wa baba zao wakamfuata yeye, maana huyo ndiye aliyekuwa na santuri. Simlaumu Coleman, alikuwa bingwa kwelikweli. Nasema tu kwamba mkono wa Clare ungeweza kumezwa. Haukumezwa, kwa sababu walikuwapo watu kama Casey walioubeba bila kuubadilisha, na wakaubeba mbali na Clare, katika mji wa saruji, wakiwapigia wenzao waliotoka parokia za jirani ambao wangegundua mara moja kama kuna kilichopunguzwa. Wasikilizaji wa Holloway hawakuwa wapole. Walimheshimu kwa sababu walikuwa wanajua.

Willie Clancy alifariki Januari mwaka 1973, na kiangazi cha mwaka huo huo watu wa Miltown Malbay waliasisi shule ya muziki ya kila Julai kwa jina lake. Mzee wangu wa hospitali, ambaye alikuwa amestaafu na kurudi kwao, alinialika niende. Nilikwenda katika miaka ya 1980. Mji wenyewe ni barabara moja kuu, na wiki ile kulikuwa na fidla katika kila nyumba yenye mlango. Madarasa yalikuwa katika shule za msingi, wazee wamekaa kwenye viti vya watoto. Bobby Casey alikuwa miongoni mwa waliofundisha. Nilikaa nyuma ya darasa. Vijana walikuwa wamekuja kutoka Ujerumani, Marekani, Japani, wengine wakiwa na kinasa sauti magotini, na walichokitaka ni kile kile kilichonishinda mimi kukieleza kule Holloway: waoneshwe mahali hasa ambapo upinde unageuka. Alipiga taratibu ili wakione. Alipopiga mara ya pili akaugeuza mahali pengine.

Msichana mmoja alinyoosha mkono, akauliza ni ipi kati ya namna hizo iliyo sahihi. Wazee waliokaa ukutani walicheka kwa upole, na mimi nilicheka nao, kwa sababu swali lile nililijua. Nililiuliza mtaani Malindi nikiwa mdogo, juu ya mpiga kanuni, nikapigwa kofi dogo la kichwa.

Casey alifariki mwaka 2000. Magazeti ya Ayalandi yalimwandika, na siku hizi wapiga fidla wa Clare ambao hawajafika miaka thelathini wanapiga rili kwa namna yake na wanamtaja kwa jina kabla hawajaanza. Hilo linanifurahisha kuliko ningeweza kusema. Nilikuwa nimehofia kwamba sisi tuliokuwa chumbani mle tungekufa na namna ile ya kupiga.

Lakini kumbukumbu ninayotaka kuimalizia ni ya Unguja. Katika miaka ya 1990 nilikwenda nyumbani nikiwa na kanda ya utepe ule wa banda la ng'ombe, nikampelekea maalim mmoja wa fidla pale Mji Mkongwe, mtu mzima wakati huo, aliyekuwa akipiga nilipokuwa bado na kaptula. Tulikaa barazani kwake. Alisikiliza upande wa kwanza wote bila kusema.

"Huyu fundi," akasema mwisho. "Lakini mbona hatui? Hakuna mahali anatulia."

Nikamwambia, "Maalim, ni ngoma ya kuchezea. Akitua, wachezaji wataanguka."

Hilo alilikubali. Aliuliza mtu yule alikuwa akilipwa na nani, nikamwambia alikuwa akijenga majumba London. Halikumshangaza. Yeye mwenyewe alikuwa karani maisha yake yote. Kisha akaagiza fidla yake iletwe kutoka ndani, akapaka ulimbo kwenye upinde, akaniambia nirudishe kanda mpaka mwanzo wa rili moja aliyoipenda. Ile noti ya katikati aliipata mara moja, kidole kilikwenda chenyewe, na alinitazama kwa furaha. Lahani nzima ilimchukua jioni mbili. Jioni ya pili aliipiga mizunguko mitatu mfululizo, safi, kila noti mahali pake, mimi nikaanza kupiga makofi.

Alinyanyua upinde kunizuia.

"Bado," akasema. "Nimepiga mara tatu kitu kimoja. Rudisha kanda."